Faili za Amu juu ya punda: Mkurugenzi wa Makavazi ya Kitaifa ana nguvu gani hasa?

BintiMasijala (Lamu)

Assalaam aleikum ndugu zangu. Nauliza wanaojua sheria na waliofanya kazi ya kumbukumbu za serikali. Mkurugenzi wa Makavazi ya Kitaifa, yaani hifadhi ya nyaraka za serikali ya Kenya (Archives), yuko Nairobi. Huku mwambao, mkuu wa ofisi akitaka kutupa faili, Mkurugenzi amzuie vipi? Ana watu wa kuwatuma? Ana cheo cha kumwamuru? Nitaeleza kwa nini nauliza. Mnivumilie, ni habari ndefu.

Nilikuwa karani wa masijala, chumba cha faili, miaka 27 hapa Amu (Lamu), katika ofisi ya serikali ambayo siitaji. Wiki tatu zilizopita nilikwenda pale kufuatilia barua ya pensheni yangu. Kufika uchochoroni nikakuta punda wawili wamesimamishwa mlangoni, shogi zimejaa makaratasi. Nikadhani ni karatasi za mitihani. Kusogea, naona ni faili, zile za jalada la kaki, na uzi wa kijani pembeni. Vile vyuma vidogo vya ncha za uzi vimeshika kutu kwa chumvi ya hewa yetu, na kutu imeingia hadi ndani ikaacha doa kama la chai kwenye kila karatasi. Nikachomoa moja bila kuomba ruhusa. Ile karatasi ya mbele ya maagizo ina mwandiko wangu: kwamba folio ya 41, yaani karatasi ya 41 ya faili, imepelekwa kwa D.O. (afisa wa tarafa) Machi 1988, na herufi zangu mbili chini yake.

Nikaifungua hiyo folio ya 41. Ni barua ya wazee wa Ndau na Kiwayu kuhusu vibali vya kukata boriti za mikoko. Waliotia sahihi ni kumi na tisa. Wasiojua kuandika wamepiga dole gumba, na wino wa dole zile ungali mweusi, mistari ya ngozi yahesabika. Naikumbuka siku barua ile ilipoletwa. Mzee aliyeileta alikataa kuiacha mezani mpaka aone nimeigonga muhuri, kisha akaniomba nimsomee namba niliyoipa, akairudia kimoyomoyo ili aende nayo kwao.

Mchunga punda ni kijana mwenye adabu. Akaniambia, "Bibi, nimeambiwa nizipeleke jaani zikachomwe. Wanataka chumba."

Nikaingia kwa afisa. Akanipokea vizuri, akanipa kiti. Akasema zile ni za zamani, hazina kazi tena, chumba kinawekwa kompyuta. Nikamuuliza: orodha imepelekwa Makavazi? Idhini ya kuteketeza iko wapi? Akanitazama tu. Hakuwa anajua kama idhini hiyo inahitajika. Simlaumu sana, hakuna aliyemfundisha. Alikubali zirudishwe, na sasa zimepangwa ushorobani chini ya dirisha lisilo na kioo. Mnajua kusi ilivyo. Mvua ikija haibishi hodi.

Sasa ninavyoelewa mimi, Sheria ya Makavazi, Sura ya 19, iliyopitishwa mwaka 1965, inampa Mkurugenzi mamlaka makubwa. Aweza kukagua kumbukumbu za ofisi yoyote ya umma, aweza kutaka zihamishiwe kwake, na kuteketeza kunapitia kwake. Hayo tulifunzwa semina ya siku mbili Mombasa na cheti ninacho sandukuni. Lakini Makavazi ni idara ndani ya wizara. Na wizara yenyewe hubadilika, mara Mambo ya Ndani, mara Utamaduni na Michezo, mara Utamaduni na Turathi. Mkurugenzi yuko chini ya katibu wa wizara, na faili anazozitaka ziko kwa makatibu wengine walio juu yake kwa cheo. Mimi nimekaa ofisini miaka 27. Najua barua ya mdogo kwenda kwa mkubwa huwekwa wapi.

Tazameni Makumbusho ya Taifa. Hao ni shirika, wana bodi na sheria yao ya mwaka 2006, na hapa Amu wana mlango wao: nyumba ya makumbusho pale ufuoni, na ngome ile ya tangu 1821 imo mikononi mwao. Mtoto wa chekechea anajua aende wapi akiokota kigae cha kale. Lakini mwenye karatasi ya kale aende wapi? Makavazi kwetu hayana hata dirisha. Kituo cha karibu ni Mombasa.

Nafikiri sana kuhusu marehemu Joseph Murumbi. Huyu alikuwa Makamu wa Rais mwaka 1966, na alipotoka katika siasa alikaimu uenyekiti wa Makavazi. Maelfu ya vitabu vyake na sanaa aliyoikusanya viko pale Makavazi, Nairobi, mpaka leo. Mtu aliyekuwa Makamu wa Rais akiinua simu kuuliza habari za faili, nani atamwambia asubiri? Ndiyo maana nasema shida si nani ni Mkurugenzi. Shida ni kiti chake kimewekwa chini mno.

Kisha kuna zile faili zilizochukuliwa na Waingereza wakati wa uhuru. Serikali yetu iliziomba mwaka 1967, wakakataa. Hazikujulikana ziliko mpaka 2011, kesi ya wazee wa Mau Mau ilipofika mahakama ya London, ndipo ikabainika kuna masanduku kama 300 ya Kenya yamefichwa Hanslope Park, huko Uingereza. Mwaka 2013 Wakenya 5,228 wakakubaliwa fidia, pauni milioni 19.9. Karatasi ndizo zilizosema. Mimi nikiwaza hayo, kisha nikiwaona wale punda, usingizi haunijii.

Basi wenzangu, nisaidieni. Tudai Makavazi yawe shirika lenye bodi yake? Au kaunti ya Lamu ijenge hifadhi yake, faili zetu zikae kwetu? Na kwa hizi za ushorobani, nifanye nini kabla mvua? Kuna kabati tupu nyumbani kwangu Langoni, na moyo wanivuta.

MzeeWaSanduku (Mombasa)

Waaleikum salaam, Bi Masijala. Usizipeleke nyumbani. Nalitanguliza hilo kwa sababu nimelihisi katika sentensi yako ya mwisho. Faili ya serikali ina nasaba kama mtu. Imezaliwa ofisi gani, imelelewa masijala gani, imepita mikono ya nani. Ukiitoa ukaiweka kabatini Langoni, hata kwa mapenzi, nasaba imekatika. Siku ikihitajika mahakamani wakili wa upande wa pili atauliza swali moja tu, ilikuwa wapi miaka yote hii, na zile dole gumba kumi na tisa hazitakuwa ushahidi tena. Na wewe utaitwa mwizi wa mali ya serikali.

Nilifanya kazi ya kumbukumbu maisha yangu yote, na huko mwisho nilikuwa katika ukaguzi. Nikueleze inavyokwenda inapokwenda vizuri. Mkuu wa ofisi anaandika kwa Mkurugenzi, anaambatisha orodha: namba ya faili, kichwa chake, mwaka wa kufunguliwa na wa kufungwa. Maafisa wanakuja, wanakaa chini na zile faili, si kwa kuangalia majalada tu bali kwa kusoma. Wanatenga mafungu. Za malipo ya petroli na karatasi za likizo, muda wake ukiisha, ziteketezwe. Za mashauri ya ardhi, ripoti za wilaya, malalamiko ya wananchi kama ya wazee wako wa Ndau, hizo ni za kudumu. Zinakwenda kituo cha Mombasa, au Nairobi moja kwa moja. Vituo viko pia Nakuru, Kisumu, Kakamega na Nyeri.

Kuhusu cheo, umesema kweli lakini umesema nusu. Ofisi moja ya bara nilikaa barazani tangu asubuhi mpaka adhuhuri na barua ya ukaguzi mkononi, naambiwa mkubwa yuko mkutanoni. Nilipoingia stoo nikawasha tochi: mchwa wamepanda ukutani wakashuka ndani ya rafu, wamechimba rejista za miaka mingi kutoka katikati, jalada limebaki zima. Ukiishika inakuwa unga. Pale hata angekwenda Murumbi mwenyewe, angekuta unga. Faili hazifi siku ya ukaguzi. Zinakufa zile siku nyingine zote, na siku hizo aliyepo ni karani.

Na karani huyo si mtu wa Mkurugenzi. Ni mtu wa wizara yake. Akihamishwa akapelekwa kaunta ya malipo, Mkurugenzi hajui. Akistaafu kama wewe, kiti chake akapewa kijana wa shughuli nyingine, Mkurugenzi hajui. Mimi ningepewa kuchagua kati ya bodi yenye watu wazito Nairobi na karani mmoja aliyefunzwa katika kila masijala, ambaye uhamisho wake unapitia Makavazi, ningechagua karani.

Kuna pia Baraza la Ushauri la Makavazi, limo katika hiyo hiyo Sura ya 19, ila kazi yake ni kumshauri Waziri. Ushauri hauvunji kufuli ya stoo.

MwanaMambrui (Malindi)

Bi Masijala, nimesoma habari ya dole gumba mara mbili.

Mimi nakuunga mkono juu ya cheo, lakini hili la kaunti nakuomba ulifikirie tena. Nina sababu ya nyumbani.

Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilileta sheria ya hatimiliki kwa mwambao. Kila mwenye madai ya ardhi aje aandikishe, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa ya Mfalme wa Uingereza. Huku Malindi waliojua kalamu, au waliokuwa na wa kuwaandikia, walikwenda. Wengi hawakwenda, na Wagiriama wa bara walibaki kulima ardhi ambayo karatasi haikuwataja. Mpaka leo ukigusa jambo la shamba hapa umegusa karatasi za zamani hizo. Familia yangu tuna kesi na jirani zetu, sote wawili ni watu wema, tumezikana pamoja. Hakuna kati yetu aliyekuwa na hati kamili. Nilipanda basi la usiku mpaka Nairobi, nikashuka, nikauliza njia, kila mtu akanionyesha, kwa sababu pale mjini watu wote hukutana "Archives". Ni lile jengo la zamani la Bank of India, la mwaka 1906, lenye nguzo. Wengi husimama nje tu wakimsubiri mtu.

Ndani nilipokewa na afisa mama mmoja mpole sana. Alinikalisha, akaniuliza babu yangu alikaa wapi na miaka gani, akanifundisha kutafuta katika faili za Mkuu wa Mkoa wa Pwani. Akanipa siri ambayo na wewe wa Lamu itakufaa: mwanzoni mwa karne iliyopita Lamu ilikuwa makao makuu ya mkoa ulioitwa Tanaland, kwa hiyo mtu akitafuta "Lamu" peke yake atapitwa na mengi. Siku ya tatu nilipata ukurasa wenye jina la babu. Niliweka kiganja juu yake, sikuweza kusoma kwa muda.

Sasa fikiria ukurasa ule ungekuwa katika hifadhi ya kaunti. Kaunti yenyewe inagawa viwanja, inadaiwa viwanja, gavana anakuja na watu wake na kuondoka na watu wake. Katiba imezipa kaunti maktaba na makumbusho, hayo ni sawa, lakini karatasi ya ardhi ikae kwa mtu asiye na shamba hapa. Umbali wa Nairobi ulinichosha, lakini ndio uliofanya hata jirani yangu aukubali ukurasa ule nilipomletea nakala. Hakusema nimeutengeneza.

Mimi ningetaka Makavazi yenyewe yafungue mlango Amu na Malindi, mlango wa taifa, si wa kaunti. Na mkuu wake atajwe kwa sheria kwamba hawezi kuondolewa kwa sababu amekataa kuteketeza au amekataa kuficha. Hilo kwangu ni kubwa kuliko cheo.

Jambo jingine, kwa wenye kutafuta habari za kabla ya uhuru: ukanda huu wa maili kumi ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar mpaka 1963, kwa hiyo msisahau hifadhi ya nyaraka ya Zanzibar, pale Kilimani.

WakiliKijana (Malindi)

Shikamoo mama. Nitasema machache, ya kufanywa wiki hii.

Peleka ombi la habari kwa ofisi ile ile. Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki, na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inaipa ofisi siku 21 kukujibu. Omba kuona faili ile ya boriti, itaje kwa namba na mwaka, na uombe orodha ya faili zote zilizotolewa stoo siku hiyo. Ombi likishagongwa muhuri, yeyote atakayeharibu au kuficha zile habari ametenda kosa la jinai. Yaani barua yako inakuwa kufuli, na kuipeleka haikugharimu ila nauli.

Sheria hiyo hiyo inataka kila ofisi ya umma itunze kumbukumbu zake zikiwa sahihi, kamili na zinazotumika, na iziingize kwenye kompyuta. Kuziingiza, mama, si kuzichoma ili kompyuta ipate nafasi. Mwambie afisa hivyo kwa upole, huenda akafurahi kujua kwamba chumba chake cha kompyuta na faili zako ni kazi moja.

Ukinyamaziwa, lalamika kwa Tume ya Haki ya Utawala. Nakala ya kila barua ipelekwe kwa Mkurugenzi wa Makavazi, ili naye awe na kitu cha kushika mkononi. Huwezi kumlaumu mtu kwa moto ambao hakuambiwa.

BintiMasijala (Lamu)

Allah awalipe kheri nyote. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa pale ushorobani.

Mzee wangu wa Sanduku, kabati la Langoni nimelifunga. Umenisema na nimekubali. Hilo la nasaba nimemweleza na afisa, akaelewa upesi kuliko nilivyotarajia, akasema, "Kumbe ni kama punda wa mtu, hata ukimlisha si wako." Amenipa meza, kiti na ruhusa ya maandishi ya kuandika orodha, saa mbili asubuhi mpaka adhuhuri. Dirisha limezibwa kwa turubai, na kila furushi limeinuliwa juu ya boriti mbili lisiguse sakafu. Boriti ametoa yule mchunga punda.

Juu ya karani na cheo bado sijaachana na langu, lakini mmenisogeza. Nimefikiria: mimi mwenyewe kwa miaka 27 nilikuwa huyo karani, na hakuna faili iliyotoka bila mimi kujua. Nilipostaafu nilikabidhi funguo kwa mtu ambaye kesho yake alipewa kazi nyingine. Hapo ndipo punda walipoanza safari. Kwa hiyo sasa nataka vyote viwili, karani aliyefunzwa, na mkubwa Nairobi ambaye simu ya karani huyo itamfikia na akiagiza ataheshimiwa. Ndugu wa Mambrui, la kaunti nimelitoa kabisa. Nilikuwa nimewaza ukaribu tu, sikuwaza shamba.

Wakili mwanangu, marahaba. Ombi limegongwa muhuri Alhamisi. Nilisimama pale mpaka nikauona wino, kama yule mzee wa mwaka 1988, na nikaomba nisomewe namba. Nakala ya Mkurugenzi nitaipeleka kituo cha Mombasa kwa mkono. Nimepata kiti kwenye basi la Jumatatu kutoka Mokowe.

Orodha imefika faili 63. Naona zimebaki kama mia. Swali moja kwa Mzee wa Sanduku kabla sijaondoka: kuna saba ambazo mchwa wamekula ndani, jalada lasomeka, karatasi hazisomeki. Niziandike kwenye orodha au niziache?

MzeeWaSanduku (Mombasa)

Ziandike. Namba, kichwa, mwaka, na mbele yake uandike "imeliwa, jalada limebaki". Usizifungue tena, usikate uzi. Ukifika Mombasa uliza fomu ya kukabidhi orodha, wasikuandikie kwenye karatasi tupu.